Mzazi Asipuuzwe: Mwongozo Kamili wa Familia ya Mombasa Tangu Mimba Hadi Arubaini

Mwaka 2023 Marekani ilipoteza wanawake weusi 50.3 kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa wanawake wa kizungu wa nchi hiyo hiyo, idadi ilikuwa 14.5. Uingereza, ripoti za vifo vya wazazi ziliwahi kuonyesha kuwa mwanamke mweusi yuko hatarini mara tano ya mzungu. Pengo limepungua, lakini bado ni zaidi ya mara mbili. Nazitanguliza takwimu za ng'ambo kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, zina binti London au Minneapolis anayesubiri kujifungua, na mamake hukesha huku na simu mkononi. Na sisi wenyewe hatujambo? Hesabu iliyotokana na sensa ya 2019 iliiweka Kenya kwenye vifo 355 kwa kipimo hicho hicho.

Mtu akiziona namba hizi hukimbilia kusema ni damu, ni maumbile, ni umaskini. Sivyo. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu hufa kwa uzazi mara 5.2 kuliko mzungu mwenye shahada kama yake. Serena Williams, bingwa wa tenisi wa Marekani, alipojifungua kwa operesheni Septemba 2017, siku iliyofuata alishikwa na pumzi. Aliwahi kuganda damu kwenye mapafu kabla, kwa hiyo aliijua dalili. Alimwambia muuguzi wazi kipimo anachotaka na dawa anayohitaji. Muuguzi akadhani ni dawa za maumivu zimemchanganya. Wakaanza kwa kumpima miguu. Walipompiga picha ya mapafu aliyoiomba tangu mwanzo, wakaona damu imeganda kweli. Ikiwa huyo aliye tajiri na maarufu duniani ilibidi ashikilie neno lake ndipo asikizwe, msichana wa miaka 19 kutoka mtaa wa Bangladesh kule Jomvu atashikilia nini?

Jibu langu ni kwamba asiachwe ashikilie peke yake. Malalamiko ya mzazi ni dalili sawa na presha au joto, na kazi ya familia ni kuhakikisha yamesikika na yameandikwa. Wodi zetu za Mombasa zimejaa watu weusi, anayehudumu na anayehudumiwa. Hata hivyo kubaguana kunaingia kwa milango mingine: lafudhi, kabila, buibui, umri, kukosa kitambulisho, kukosa pesa. Na kuna mlango mmoja usioonekana: vitabu vya udaktari na baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuyafikiria yote hayo.

Hatua ya kwanza: chagueni msemaji mmoja

Fanyeni hivyo mapema, mimba ikiwa na miezi mitatu hivi. Si kila mtu anafaa. Mama mzazi mara nyingi anaogopa, mume mara nyingine anazuiwa mlangoni, na shoga wa karibu hana mamlaka ndani ya familia. Mtafuteni mtu mtulivu, anayesoma na kuandika vizuri, asiyeogopa koti jeupe wala kumtukana anayelivaa. Anaweza kuwa shangazi, haloti, dada mkubwa, au somo wake. Mume na mama wakubali mbele yake kwamba siku ya siku yeye ndiye atakayezungumza, ili hospitalini wasitokee watu watano wanaosema mambo matano.

Msemaji huyo aende na mjamzito kliniki angalau mara mbili kabla ya kujifungua. Wahudumu wamjue kwa sura. Mtu anayejulikana husikizwa haraka kuliko mgeni anayefika saa tisa usiku akilia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mwenzake anayemchagua wakati wa uchungu. Ulizeni kliniki mapema hospitali yenu inaruhusu nani, aingie mpaka wapi, na kama kuna saa ambazo hafai kuwemo. Msingoje kujua langoni.

Hatua ya pili: karatasi

Kitambulisho, usajili wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, yenye bima ya afya ya taifa) na kijitabu cha mama na mtoto. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kujiandikisha huanza kwa kupiga *147#. Kujiandikisha si sawa na kulipa. Kagueni kwamba malipo ya nyumba yenu yako sawa kabla ya mwezi wa saba, maana kulirekebisha jambo hili mzazi akiwa kitandani ni mateso.

Wasio na kitambulisho ndio wanaoumia zaidi hapa Pwani. Wamakonde walitambuliwa kuwa raia wa Kenya wakati wa kuingia 2017, Wapemba mwaka 2023, na bado zipo familia zenye mabinti ambao makaratasi yao hayajakamilika. Kama ndivyo kwenu, anzeni kwa mzee wa mtaa na chifu mara mimba inapojulikana, si mwezi wa tisa. Na lijueni hili kwa moyo: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi hakuna raia. Kinasema hakuna mtu. Kifungu cha 27 nacho kinakataza ubaguzi kwa rangi, kabila, dini, ujauzito, na hali ya ndoa, kwa hiyo msichana asiye na mume ana haki ile ile ya aliyeolewa.

Hatua ya tatu: kliniki ni mahali pa kuuliza namba

Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito aonane na mhudumu mara nane. Wengi wetu huanza kliniki mimba imeshaonekana, miezi mitano au sita, kwa kuogopa kijicho. Naiheshimu hofu hiyo, lakini kliniki si kutangaza. Ataenda amejifunika buibui lake na hakuna atakayejua.

Kila akitoka awe anajua namba tatu: presha, kiwango cha damu, na matokeo ya mkojo. Si kuambiwa "uko sawa". Presha ikifika 140/90 hiyo ni habari ya siku hiyo hiyo. Ikifika 160/110 ni dharura hata kama anajisikia mzima. Damu ikiwa chini ya 11 ni upungufu, na ikiwa chini ya 7 ni hatari kubwa. Vidonge vya madini ya chuma vimezwe kwa maji au juisi ya ndimu, visimezwe na chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kuyachukua madini hayo. Najua ugumu wa kumwambia mtu wa Mombasa aache chai. Aicheleweshe saa moja au mbili tu.

Kuna maswali ambayo hayaulizwi kliniki zenye foleni ndefu, na msemaji ayaulize yeye. Kama presha ilipanda mimba iliyopita, au mamake au dadake alipata kifafa cha mimba, au ana mapacha, muulizeni daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo huanzwa kabla ya wiki ya 20. Kama kundi lake la damu ni hasi, ulizeni sindano ya anti-D, inayolinda mimba zijazo, itapatikana wapi. Kundi hasi ni nadra kwa Waafrika, ndiyo maana husahaulika, na sindano hiyo inatakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye kundi chanya. Na kama ana ugonjwa wa seli mundu, ambao Pwani upo wa kutosha, asipangiwe kujifungulia zahanati. Maumivu ya seli mundu ni miongoni mwa maumivu yanayodharauliwa mno, huku na ng'ambo, kwa madai kwamba mgonjwa anadeka.

Hatua ya nne: njia, damu na pesa ya usiku

Anayeishi Likoni au Mtongwe asipange safari kana kwamba bahari haipo. Amueni mapema: uchungu ukianza salama ataenda kituo gani upande huo huo, na mambo yakiharibika nani ataita gari la wagonjwa la kumpeleka Hospitali Kuu ya Pwani, yaani Makadara. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Wekeni pia namba za madereva wawili wa tuktuk au teksi wanaolala karibu. Bodaboda kwa mwanamke anayevuja damu sio usafiri, kwani akizimia njiani hana cha kumshika.

Tafuteni watu wawili au watatu walio tayari kutoa damu, na waende kituo cha damu kabla ya tarehe. Damu haiundwi kwa dakika kumi. Pesa ya akiba iwe mkononi mwa msemaji, si kwenye simu ya mume aliye safarini.

Hatua ya tano: chumba cha uzazi

Binti zetu wengi wamefundishwa kunyamaza. "Usipige kelele, utatuaibisha." Akinyamaza, mhudumu aliyezoea wanaopiga kelele hudhani bado. Akipiga kelele huambiwa anasumbua. Kote kuwili anakosa. Mwaka 2016 uchunguzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Virginia ulikuta kwamba nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari chipukizi wa kizungu waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kama vile ngozi yao kuwa nene zaidi, na walioamini hivyo walipima maumivu ya mweusi kuwa madogo. Imani hiyo ina mizizi mirefu. Miaka ya 1840 huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, Anarcha, Lucy na Betsey, bila dawa ya ganzi, akitafuta tiba ya fistula, ugonjwa wa kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu. Sanamu yake ilisimama New York mpaka Aprili 2018. Hapa kwetu dhana huvaa nguo nyingine: huyu wa pwani anadeka, huyu Msomali mkaidi, huyu wa kijijini hajui kitu.

Dawa yake ni kuongea kwa namna isiyoacha nafasi ya dhana. Semeni nani, nini, tangu lini, kiasi gani, na mnataka nini. Kwa mfano:

"Samahani sista. Dadangu Mwanaisha, kitanda cha sita, alijifungua saa nane usiku. Tangu saa tisa amejaza pedi tatu, na sasa akikaa anaona kizunguzungu. Naomba apimwe presha na aangaliwe damu sasa hivi."

Sauti ya chini, heshima yote, na namba. Mkijibiwa "hiyo kawaida", msigombane. Endeleeni:

"Sawa sista, ahsante. Basi naomba uandike kwenye faili kwamba tumesema, na saa tuliyosema, kisha tuitiwe daktari wa zamu."

Ombi la kuandikwa ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtu anaweza kupuuza neno, lakini ni vigumu kuandika kwa mkono wake kwamba aliambiwa mgonjwa anavuja damu na hakufanya chochote. Na ninyi andikeni kwenye simu: saa, jina la mhudumu lililo kwenye beji, na alichojibu. Hakuna haja ya kupiga picha wala kurekodi wagonjwa wengine.

Kuhusu damu yenyewe: kupoteza nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji, ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kawaida tayari ni kuvuja kusiko salama. Makadirio ya macho hudanganya, na leso za rangi nzito hudanganya zaidi, kwa sababu leso nyekundu au nyeusi inaweza kunywa damu nyingi na isionekane. Mpeni mzazi pedi kubwa na kitambaa cheupe. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kukusanya damu kwenye mfuko wenye alama za vipimo na kumpa mzazi matibabu yote kwa pamoja mara damu inapozidi kulipunguza kuvuja kukali kwa asilimia 60. Kwa hiyo ni halali kabisa kuuliza: "Sista, mnapima damu kwa mfuko?" Swali hili huwakumbusha hata wale wasio nao kwamba damu inahesabiwa.

Hatua ya sita: jueni kuisoma ngozi nyeusi

Hapa ningependa msome pole pole, maana ndipo mambo mengi yanapopotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Maelezo ya dalili kwenye vitabu husema mgonjwa "amekuwa mweupe", jeraha "limekuwa jekundu", mtoto "ni wa waridi". Kwenye ngozi zetu haviko hivyo.

Kuangalia kama mzazi amepungukiwa damu, mpelekeni penye mwanga wa mchana, dirishani, si chini ya balbu ya manjano. Osha mikono, vuta kope ya chini taratibu kwa kidole gumba na tazama utando wa ndani. Utando ukiwa na damu ya kutosha huwa mwekundu mbichi. Ukiwa umefifia kama karatasi, kuna tatizo. Kisha tazama ulimi, fizi, na kiganja. Weka kiganja chake kando ya cha dadake mwenye rangi kama yake na ulinganishe. Uso peke yake usiuamini.

Kidonda cha operesheni au cha kushonwa kikianza kuoza, wekundu huenda usiuone. Utaona pamekuwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau, au pang'avu kwa kuvimba. Tumia mgongo wa mkono: pagusie kando ya kidonda, kisha paja, ulinganishe joto. Joto, ugumu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au harufu, ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo. Titi nalo vivyo hivyo: bonge gumu lenye moto na homa ni maambukizi hata kama rangi haijabadilika.

Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima hewa ya oksijeni pia kina kasoro. Utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo mzazi akisema hapati pumzi na kifaa kikasema 94, pumzi yake ndiyo ya kuaminiwa. Hesabuni anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika na mumwambie daktari.

Kwa mtoto, manjano itafuteni kwenye weupe wa macho, ndani ya fizi, na nyayo. Bonyeza ngozi ya paji au pua kwa kidole, achilia, tazama rangi inayobaki kabla damu hairudi. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, ni dharura. Kuhusu mtoto aliyekosa hewa, msitafute uwaridi wa mwili. Tazameni midomo, ulimi na fizi: vikiwa kijivu au bluu, iteni msaada.

Hatua ya saba: arubaini

Watu hudhani hatari imeisha mtoto akishalia. Marekani wamechunguza vifo vyao vya 2017 hadi 2019 wakakuta zaidi ya nusu vilitokea kati ya siku ya saba na mwaka mmoja baada ya kujifungua, na kwamba zaidi ya vinane katika kila kumi vingeweza kuzuilika. Shalon Irving alikuwa mtaalamu wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, na kazi yake ilihusu hasa tofauti hizi za kiafya. Alijifungua Januari 2017. Wiki zilizofuata alirudi kliniki mara kadhaa, presha juu, mguu umevimba, kichwa kinauma, na kila mara alirudishwa nyumbani. Alifariki wiki tatu baada ya kujifungua.

Arubaini yetu ni hazina, na nasema hivyo nikimaanisha. Mzazi anapumzika, anapikiwa, analala kwa mamake, na yupo mtu chumbani mchana na usiku. Nchi tajiri zinatamani kuwa na kitu kama hiki. Kilichobaki ni kumpa yule anayelala naye vitu vya kutazama.

Presha kwanza. Baada ya kujifungua hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambapo wengi wako nyumbani na hakuna anayepima. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mimba, hata wiki ya sita. Nunueni mashine ya presha ya mkono wa juu, si ya kifundo. Chama cha akina mama wa mtaa kinaweza kuchanga kikanunua moja ikazunguka nyumba kwa nyumba. Mzazi akae kitako dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene utatoa namba ya juu kuliko ukweli, na ukiwa mkubwa kwa mkono mwembamba utaficha. Siku ya tatu pimeni asubuhi na jioni, na muendelee hivyo wiki nzima.

Kichwa kikali kisichoacha kwa panadoli, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba: hayo hayangoji kesho. Mzazi akianza kukakamaa na kutetemeka, msichelewe kwa kusema amepandwa na pepo. Atakayesoma asome ndani ya gari, gari likielekea hospitali. Kuna dawa ya magnesiamu inayozuia kifafa hicho na hupewa kwa sindano. Hali kadhalika kujaza pedi kubwa ndani ya saa moja, damu ya nifasi kunuka, joto la 38 na zaidi, kifua kuuma au kukosa pumzi, na shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Mila nyingi za arubaini hazina ubaya. Uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji ni chakula kizuri, mradi vidonge vya damu visiachwe. Kukandwa kwa maji ya moto, aliyepasuliwa asikandwe tumbo, na aliyeshonwa chini asikalishwe kwenye mvuke unaounguza. Mkanda wa tumbo usikazwe hadi pumzi iwe fupi. La kuogopa zaidi ni chetezo na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtoto mchanga hulala asiamke. Fukizeni nguo ukumbini kisha mlete nguo chumbani.

Na moyo wake. Kulia kidogo wiki ya kwanza au ya pili ni kawaida. Zaidi ya hapo, muulizeni swali hili: "Mtoto akilala, nawe unapata usingizi?" Anayeshindwa kulala hata mtoto akilala, asiyetaka kula, anayesema angekuwa hayupo ingekuwa bora, huyo anaumwa na ana dawa. Akiona au kusikia vitu visivyokuwepo, au akisema atamdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja na apelekwe hospitali leo.

Kurudi kliniki ni ndani ya saa 48, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha wiki ya nne hadi ya sita. Kutoka kwa ajili ya afya hakuvunji arubaini.

Hatua ya nane: binti aliye ng'ambo

Mamake akiwa Mombasa ana kazi kubwa kuliko kutuma dua, ingawa dua nazo zitumwe. Kila siku ya wiki mbili za kwanza amwombe bintiye namba, si habari: presha ngapi, pedi ngapi, joto ngapi. Amtazame kwa simu ya video, uso na mikono. Na wakihesabu saa kwa njia yetu, wawe waangalifu: anayemwambia muuguzi wa kule kwamba damu ilianza saa nane kumbe ni saa mbili za huko, anaharibu rekodi. Waandike saa inayoonekana kwenye simu.

Mkalimani hospitalini ni bure Uingereza, na Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kumtoa bila malipo. Hata anayejua Kiingereza cha dukani amuombe, kwani uchungu huondoa lugha ya pili kwanza. Marekani, chumba cha dharura kinalazimika kisheria tangu 1986 kumchunguza na kumtuliza kila anayekuja, awe na bima au hana. Mlangoni aseme sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Nimejifungua wiki mbili zilizopita." Wengi hawamuulizi, na bila kujua hilo humtibu kichwa kama kichwa cha kawaida.

Hatua ya tisa: mkidhulumiwa

Anzeni pale pale, kwa sista mkuu wa wodi, kisha msimamizi wa hospitali, kwa maandishi. Kama hospitali inamzuilia mzazi kwa deni, mwoneni ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo kuomba msamaha au mpango wa kulipa, na mkumbushe kwamba Mahakama Kuu iliamua 2015 kuwa kuwazuilia wazazi kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni mwaka 2013, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Alishinda kwa kuwa kulikuwa na ushahidi.

Malalamiko dhidi ya daktari au kituo hupelekwa kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na dhidi ya muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Faili la mzazi ni haki yake kuliomba: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi la maandishi, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Peleka barua nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na uondoke nayo.